Mtu Aliyesoma Soli

Alikuangalia miguu kwanza. Uso ulifuata baadaye, kama ulifuata. Mara nyingi niliona mteja anasalimu, anaulizia habari za nyumbani, anaeleza shida yake yote, na fundi bado ameinamisha kichwa akitazama vidole vya yule mtu vinavyocheza ndani ya sandali. Kisha anasema bila kuinua macho:

"Weye unasukuma kinga na kisigino. Njo maana unachoka."

Mteja anashangaa, kwa sababu kinga yake, yaani baiskeli, aliiacha nyumbani.

Nilimjua kwa miaka mingi na nikamwita Papa Fundi, kama wote. Jina lililoandikwa kwenye kadi yake ya chama sikuwahi kulitumia, na sitalitumia hapa. Wala sitasema alizaliwa wapi na nani, maana hayo hakuyapenda kuulizwa. Alikuwa fundi wa viatu vya watu wa baiskeli, na katika mji wetu wa Lubumbashi sikumjua mwingine aliyeweza kutengeneza kiatu cha mbio kikatoka sawa. Kazi hiyo ya viatu vya mbio aliiacha kwa sababu yangu. Nilimdanganya kwa maneno machache, akayaamini, na kwa miaka kumi na minne hakujua. Nitafika huko. Kwanza nieleze alivyokuwa, la sivyo uongo wangu utaonekana mdogo.

Kibanda chake kilikuwa Kamalondo, kimeegemea ukuta wa muuza vitenge. Bati juu, saruji chini, kalibu za mti za kuundia viatu zikining'inia mbilimbili kama miguu ya watu waliokwenda kuoga wakaisahau. Nje palikuwa na ndoo ya maji. Ukifika mara ya kwanza alikuambia uvue viatu, uloweshe miguu, utembee hatua sita juu ya saruji. Alichuchumaa akasoma nyayo kabla hazijakauka. Mwezi wa kumi, jua linapochoma kabla ya mvua ya kwanza, nyayo zilitoweka ungali unageuka. Hazikumshinda. Hakupima kwa kamba wala hakuandika kitu. Alisoma, akasema "Vaa," na mguu wako ulikuwa umeshaingia kichwani mwake. Miaka mitatu baadaye ungeweza kumtuma mtu, naye akakukatia ngozi bila kukuona.

Kwake hakukuwa na kiatu cha baiskeli cha kumfaa kila mtu. Palikuwa na safari tu. Aliuliza maswali matatu: unaenda wapi, unabeba nini, unashuka mara ngapi. La tatu ndilo lililokuwa kubwa. Watu wa makala, yaani wauza makaa, wanaotoka upande wa Kinsevere na mifuko imepita vichwa vyao, hushuka kila kilima na kusukuma. Hao aliwapa soli ya mpira wa tairi inayokunjika vidoleni, kisigino kipana cha kushika mchanga, na juu ngozi laini isiyokata kifundo. Pedali za plastiki aliwakataza kabisa, kwani zilivunjika chini ya uzito. Aliwaambia wafunge vipande vya mti, vipana, kimoja kila upande wa chuma, ili mguu uweze kupanda na kuondoka popote unapotaka.

Siku moja mtu wa makala, kijana mwenye shingo kama nguzo, alimjia akitaka vile vikapu vya chuma vya pedali, vinavyoshika ncha ya kiatu na kufungwa kwa mkanda. Alikuwa amewaona wanamashindano, tuliowaita bakurere, wakipita navyo.

"Papa Fundi, nataka ile ya kushika muguu. Inaleta nguvu."

"Unabeba masaki ya makala ngapi?"

"Tatu."

"Na kinga ikianza kuanguka na masaki tatu, utaruka namna gani? Utaomba mukanda ruhusa kwanza?"

Waliokuwa wanangoja wakacheka. Kijana hakukubali kushindwa.

"Mi siangukake, Papa."

"Basi iko hii kovu kwa goti ni ya kusali?"

Alimtengenezea soli ya tairi, na yule kijana aliivaa mpaka ikabaki nyembamba kama karatasi.

Wafanyakazi wa kampuni ya shaba walikuwa na shida nyingine. Walipewa mabuti mazito yenye chuma puani, wakaendeshea kazini, king'ora cha asubuhi kikiwafukuza njiani. Buti la namna hiyo ni zuri jiwe linapoanguka, lakini juu ya pedali ya mpira huteleza siku ya mvua, na unene wa soli hukunyima kujua mguu wako uko wapi. Fundi hakuwabadilishia viatu, maana getini wasingeruhusiwa kuingia na vingine. Aliwabadilishia pedali. "Tafuta ya chuma, yenye meno pembeni," aliwaambia, "buti iume pedali, pedali iume buti." Kisha kwenye soli, pale nyuma ya vidole ambapo mguu hukanyaga pedali, alikata mistari mitatu kwa kisu. Mistari tu. Watu walivuka mji mzima kwa ajili ya mistari ile.

Alikuja mkunga mmoja, mama Mkatoliki wa kutoka kaskazini, aliyezunguka Katuba kwa baiskeli akivaa sandali. Katika mji wetu mwanamke juu ya baiskeli alitazamwa kama gwaride. Fundi alitazama sandali.

"Mama, wale batoto unabapokea, unabapokea na muguu?"

"Na mikono, Papa. Mbona?"

"Sababu muguu yako inataka kuzaliwa yenyewe. Angalia, inatoka kila mahali."

Mama yule alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi alimshonea kiatu cha wazi chenye mkanda nyuma ya kisigino, soli ngumu katikati na laini mbele, kwa sababu mkunga hukimbia akishafika. Pedali alimwachia zilezile za mpira, akamfundisha kuzisugua kwa majivu zisiteleze. Mama huyo alikuwa mtu pekee niliyemsikia akimwita "ndugu yangu," na yeye akaitika.

Pia kulikuwa na mkubwa mmoja wa chama mtaani, mtu wa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyopigwa pasi kama ukuta. Alitaka viatu vya mbio, vyeusi, vya kung'aa, ili siku ya gwaride awaongoze vijana wa baiskeli kupita mbele ya jukwaa. Fundi, akimwita Citoyen, yaani raia, kama ilivyotakiwa siku zile, alimweleza kwamba kiatu cha mbio kina kibati cha chuma chini, na chuma juu ya lami hakina urafiki na mtu anayetembea.

"Citoyen, hii kilato inajua kupanda tu. Kutembea haijuake."

"Mimi nitapanda tu."

"Na ukishuka kusalimia bakubwa?"

"Tengeneza, Fundi."

Akatengeneza. Mkubwa alipita vizuri, akashuka vizuri, akapiga hatua mbili kwenda kusalimia, na ya tatu akaimaliza akiwa ameketi. Kesho yake tulimwuliza fundi kama hakuogopa kuitwa. Alisema aliogopa sana, na kwamba alikuwa ameshaandaa jibu: kilato ilitii, mwenyewe ndiye hakutii. Hakuitwa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana ndani yake, na sikuwahi kumwona akijaribu kuyapatanisha. Aliyevika miguu ya mji mzima alitembea na sandali za plastiki za kijani, moja imeshikwa na waya. Alipenda maneno kuliko chakula, lakini kwa uzi alikuwa bahili: vipande vya urefu wa kidole alivihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, akavifunga kimoja kwa kimoja. Alihimiza uvumilivu huku akiitukana sindano ilipokatika, kisha akaomba msamaha kwa Mungu, kisha akaitukana tena. Viatu vya kiwandani kutoka Ulaya alividharau mbele ya watu. Lakini niliwahi kumkuta mchana, wakati wa usingizi wa watu, akiwa na kiatu cha Kitaliano amekifungua mshono kwa mshono juu ya gazeti. Alikuwa anakisoma kwa heshima kama ile msomi anayompa msomi mwenzake.

"Huyu," aliniambia, akigonga soli, "huyu muntu alijua." Akafunga gazeti haraka, muuza vitenge alipopita.

Sasa kiatu cha mbio chenyewe. Mwanamashindano hashuki, wala habebi kitu. Kwa hiyo soli yake iwe ngumu, nyembamba, isiyokunjika hata kidogo, ili nguvu yote ishuke kwenye pedali. Pedali iwe ya chuma, nyembamba, na kikapu cha mbele na mkanda. Na chini ya soli hupigiliwa kile kibati chenye mfereji. Mfereji unakaa juu ya ukingo wa pedali, mkanda unakazwa, na mguu hauendi tena popote. Hapo ndipo hatari ilipo. Kibati kikikaa sawa na mguu wako, unapaa. Kikigeuka hata unene wa ukucha, goti lako linasokotwa maelfu ya mara kabla hujafika.

Fundi hakukubali kukadiria. Alikupa viatu bila vibati, soli tupu ya ngozi, akakuambia uviendeshee wiki mbili. Katika siku hizo ukingo wa pedali huchora alama kwenye ngozi, polepole, pale ambapo mguu wako wewe unapenda kukaa. "Acha pedali iandike," alisema. Ukirudi, alisoma mwandiko huo na kupigilia kibati juu ya mstari uleule.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, tarishi wa ofisi moja mjini. Siku za kazi nilipeleka barua, Jumapili nilishindana. Kulikuwa na mbio za kwenda Likasi zinakuja, nami kwa mara ya kwanza niliamini naweza kushinda. Fundi alinipa soli tupu. Siku ya pili ofisi ikanituma Kambove kwa lori, siku kumi na mbili. Nikaona wiki mbili zinanipotea. Nikafanya jambo ambalo kwangu lilionekana akili: viatu nikamwachia binamu yangu, mwana wa mama mkubwa, aliyevaa namba ileile, nikamwambia aendeshe kila siku mpaka pedali iandike. Aliendesha kwa bidii. Alama ilikuwa safi kabisa. Lakini binamu yangu hutembea vidole vikitazama nje, kushoto na kulia, na mimi hutembea sawa kama reli.

Nilipomletea fundi, zilibaki siku tatu. Alitazama soli. Akatazama miguu yangu. Akavuta ndoo, akanitembeza juu ya saruji kama mgeni. Nyayo zangu zikalala pale, zimenyooka, karibu na soli zenye mistari ya upande.

"Ni weye ulipanda?"

"Ni mi, Papa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Alizitazama nyayo mpaka zikakauka zote. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilijua nikisema ataniambia nianze upya, na mbio zitapita.

"Basi macho yangu inaanza kuzeeka," alisema, na akapigilia vibati juu ya mstari wa binamu yangu.

Njia ya Likasi ni kama kilomita mia na ishirini. Kabla ya nusu goti la kulia lilianza kulalamika. Baada ya nusu lilikuwa na moto ndani. Nililegeza mkanda, nikaukaza, nikaulegeza tena. Mwisho nilishuka mwenyewe nikaketi kando ya barabara, na lori la kuokota walioshindwa likaniokota.

Fundi, ambaye hakuwahi kwenda kutazama mbio kwa sababu alichukia makelele, siku hiyo alikuwa amekuja Likasi. Alikuwa amesimama penye kamba ya mwisho na sandali zake za kijani. Aliniona nateremshwa kwa kushikwa mikono. Alikuwapo pia muuzaji mmoja wa viatu vya Ulaya, mtu wa mdomo.

"Eh, Fundi wa ndoo!" alipaza sauti. "Maji yako ilikosea?"

Watu wakacheka. Fundi alipiga magoti mbele yangu, akanivua viatu, akashika goti kwa mikono miwili, akalikunja na kulikunjua. Kisha akachukua koleo mfukoni, akang'oa vibati vyote viwili, na misumari ikaanguka kwenye vumbi. Akasimama.

"Huyu hana kosa," aliwaambia wote. "Muguu ni muzima, roho ni muzima. Kosa ni ya macho yangu. Mi niliona, nikapiga vibaya."

Nilikuwa nimekaa pale chini, mdomo ninao. Sikuufungua.

Tangu hapo hakutengeneza tena kiatu cha mbio. Bakurere walipokuja aliwarudisha. "Mi ni muntu wa makala," aliwaambia. Wakaenda kwa muuzaji wa mdomo. Hilo lingevumilika. Nilichoshindwa kuvumilia ni kingine: alianza kuwauliza watu. Mkunga alikuja kuongeza soli, nikamsikia fundi akimwuliza, "Mama, unakanyaga namna gani? Inje ao ndani?" Mkunga alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mume wake. Ndoo ikabaki nje, wakati mwingine na maji, wakati mwingine na majani.

Mimi nikaondoka mjini. Nilisema ni kazi. Nilikaa Kolwezi, nikakaa Kalemie, nikapoteza mwaka mzima Kambove, halafu Mokambo, nikivusha sabuni na chumvi mpakani kwa baiskeli. Kila mahali nilitazama miguu ya watu, na kila mahali niliona kazi mbaya.

Nilirudi nikiwa na miaka arobaini na miwili. Kibanda kilikuwa palepale, bati jipya, fundi yuleyule, mabega tu yameshuka. Alikuwa anapiga soli ya tairi. Nilisimama mbele yake na hakuinua kichwa.

"Ile goti iliponaka?" aliuliza.

"Iliponaka, Papa."

"Mungu ni mukubwa. Ikaa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuulizia habari za nyumbani.

"Papa, ile siku nilisema bongo, nilikudanganya. Haikuwa mi nilipanda. Nilikuwa Kambove. Ni ndugu yangu, mwana wa mama mukubwa, njo alipanda ile wiki mbili."

Nyundo ilibaki hewani, kisha akaiweka chini taratibu.

"Huyo ndugu anatembea namna gani?"

Nikatembea kama binamu yangu, vidole nje, kutoka mlangoni mpaka barabarani na kurudi. Fundi alitazama hatua zote. Alitoa sauti niliyoidhani ni kicheko. Kumbe ni hasira, na sikuwa nimewahi kuiona hasira yake ikielekea kwa mtu.

"Miaka kumi na ine! Miaka kumi na ine ninauliza bantu miguu yao, sawa kipofu anauliza njia! Na macho ilikuwa muzima!"

"Unisamehe, Papa."

"Kusamehe utaomba Mungu, ni kazi yake. Weye uko na kazi ingine. Mi kosa nilisema wapi?"

"Likasi. Mbele ya bantu."

"Nani alikuwa anasikia?"

"Bote."

"Basi. Siku ya yenga bakurere banakutana pa mwanzo wa barabara ya Kipushi. Utasema pale. Utasema yote, na Kambove, na ndugu yako. Usifupishe."

Jumapili nilikwenda. Walikuwa kama ishirini, wengi walikuwa watoto wakati wa mbio zangu, lakini wachache wa zamani walikuwapo, wamenenepa, wamekuja kutazama. Fundi alisimama pembeni amefunga mikono. Nilipanda juu ya jiwe la kilomita nikasema yote. Sikufupisha. Mwanzoni walidhani ni mzaha.

"Eh, yaya, mukubwa wetu, unaungama kwetu? Tuko bapadri?"

"Umupe rozari kumi!" mwingine akaitikia.

"Acha aseme," alisema mmoja wa wale wa zamani. "Mi nilikuwa Likasi. Nilimucheka huyu muzee."

Nikamaliza. Nilimgeukia fundi nikitaka aniangalie, angalau miguu. Hakuniangalia. Mwanamashindano mmoja, mtu mzima ambaye nywele zimeanza kurudi nyuma, alikuwa amelaza baiskeli yake majanini na kuvua kiatu chake cha kiwandani. Alisogea mbele ya fundi na mguu mtupu, akafungua mdomo kueleza.

Fundi alimnyamazisha kwa kidole. Alishuka chini kwa shida, goti moja, halafu jingine, akautazama mguu ule kwenye vumbi jekundu kwa muda mrefu, akamwambia asogee hatua moja, kisha mbili.

"Kulia inaingia ndani kidogo," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Kushoto iko sawa. Kibati ya kulia tutaigeuza."

Hakumwuliza mwenye mguu neno hata moja.